Kanga Mpya Mbele ya Kulungu

Mwanamkasi alizaliwa Unguja, akaolewa na Ussi, na Ussi alipopata kazi kiwanda cha magari Longbridge wakahamia Acocks Green, huko Uingereza. Tangu mwaka 1969 alikuwa akisafisha jumba moja la maonyesho. Kazi aliipenda kwa sababu msimamizi, mama wa Kiingereza mpole, alimruhusu kusali adhuhuri chumba cha juu. Sharti lake lilikuwa moja tu: zulia lililotundikwa ukutani humo asiliguse.

Na zulia lenyewe, ukaidi ulioje, lilikuwa upande wa kibla. Lilifumwa Ufaransa miaka mia mbili nyuma, na siku ya kwanza Mwanamkasi aliona mabwana juu ya farasi na mbwa tele wakimfukuza kulungu. Yakamtosha. Kusali mbele ya mbwa hataki, kukosa sala hataki. Basi kila siku alipanda ngazi ya kufutia vumbi, akatundika kanga yake kuukuu kwenye fimbo ya shaba mbele ya zulia, akasali, akaitoa huku ameinamisha macho.

Siku moja ya mvua alikuja na kanga mpya, nyekundu, zawadi ya dada yake Shemsa. Ilikuwa imeloa pembeni. Akaitundika vilevile. Alipotoa salamu ndipo akili ikamrudia: kanga mpya huchuja. Mtoto wa Unguja hulijua hilo kabla ya kujua kusoma, na yeye mtu mzima kalisahau! Akaivuta upesi, akakaza macho. Shingoni mwa kulungu palikuwa na doa jekundu, limechuruzika hadi kifuani.

Kazi ndiyo imekwenda, na mahali pa kusalia pia. Lakini kilichomchoma zaidi ni yule mama aliyemwamini. Angemtazama kwa uso gani? Akashuka kwenda kusema. Ngazini akakutana na Surjit, Singasinga wa Nairobi, aliyekabidhiwa kulitoa vumbi zulia hilo.

“Bi Surjit, nimeharibu zulia la watu.”

Surjit akapanda naye, akatoa leso nyeupe, akaikandamiza kwenye doa. Ikatoka nyeupe vilevile.

“Sister, hii si rangi ya kanga yako. Mbwa ameuma huyu mnyama, hiyo ni damu yake. Mimi ninaivacuum kila Monday, iko hapo siku zote.”

Mwanamkasi aliketi papo hapo kwenye mswala wake, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akashuka hivyohivyo kwa msimamizi na kumwambia habari ya kanga.

“Miaka yote hii,” akasema yule mama, “kwa nini hukuniomba chumba kingine?”

Haikuwahi kumpitikia Mwanamkasi kwamba angeweza kuomba.

Kesho yake alisali chumba kingine, mbele ya ukuta mtupu, taratibu, bila kusikiliza nyayo ngazini. Alipomaliza akaenda kumtazama kulungu, safari hii bila kuinamisha macho.