Salamu Zilizozidi Dakika Tatu

Miaka ile ya vita, tulipokuwa Kitshanga na ndugu zetu wamekimbilia kambi ya Kashuga, salamu zilitujia ndani ya kadi ya kumbukumbu ya simu. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliwapiga video huko, akamletea fundi wa studio wa kwetu aziunge, kisha akarudi Kashuga. Nyuma yake njia ikafungwa tena.

Kwetu salamu zina utaratibu wake. Watoto huanza, na mkubwa kuliko wote hufunga. Habari zenyewe ni zake. Wengine wanasalimia tu. Basi nikawavumilia wapwa, nikamvumilia dada yangu anayependa sana kuonwa, nikimngoja mama. Dada akamaliza, kioo cha simu kikawa cheusi.

Mke wangu alikaa chini akaanza kulia. Mkubwa asipofunga salamu, kwetu hakuna haja ya kuelezwa kwamba amefariki, na majirani wakajaa uani kukaa matanga.

Mimi kukaa nilishindwa. Hasira zangu ziko karibu siku zote, na siku ile zilitaka mtu. Nikaenda kwa fundi.

“Papa, mimi sikukata kitu,” alisema. “Nilipanga bintu vile biko mu kadi.”

“Fungula nione.”

Akafungua kazi kwenye ordinateri, ile kompyuta yake. Vipande vya video vilikuwa vimepangwa kwenye mstari wa muda, na kimoja kilikuwa kimebaki nje, baada ya alama ya mwisho. Fundi akashika kichwa. Alikuwa ametumia kazi ya zamani, tangazo la sabuni la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, akabadilisha picha na kuuacha muda wake: dakika tatu. Kilichozidi hapo, mashine haikukitoa.

“Njo duree, ule muda wa video. Nilisahau kuibadirisha.”

Akaandika namba nyingine. Alama ikasogea, na mama akatokea, kilemba upande, amekasirika kama kawaida yake.

“Kesho tunatoka hapa. Tunaenda Itebero kwa mujomba wako, na miguu. Usikuye kututafuta huku.”

Nilimkumbatia fundi niliyekuja kumpiga. Kisha nikafikiria msitu, mvua, vizuizi vya wenye bunduki, na magoti ya mama, na furaha ikanitoka yote.

Nyumbani niliwaambia waliokaa uani kwamba mama hakufa, yuko njiani kwenda Itebero kwa miguu. Kilio kikanyamaza. Nilingoja wainuke waende kwao. Hakuna aliyeinuka, maana njia ile waliijua, na mimi sikuwaomba waondoke.