Kitabu Ndani ya Kava ya Biblia

Nilipomaliza chuo nilimletea mama kitabu cha ufafanuzi wa Biblia, kikuukuu, nilichokipata Kericho mjini. Siku za kuchuma chai mama hufundisha wanawake wenzake Neno kwenye kituo cha majani, huku kwetu karibu na Kaplong, wakisubiri lori la kiwanda. Alikipenda. Alikifunga kwa leso akakibeba juu ya kikapu cha majani mabichi.

Siku moja, nami nikiwapo, mzee wa kanisa akamwona nacho. Akasema mbele ya wanawake wote, "Mama, Roho hahitaji kusaidiwa na wazungu waliokufa. Ama uache hicho kitabu, ama uache kufundisha."

Mama, aliyefundisha pale tangu sijaanza shule, akainamisha kichwa.

Mzee huyohuyo! Huhubiri kutoka Biblia kubwa yenye maelezo ya herufi ndogo chini ya kila ukurasa, na huyasoma yote pamoja na aya kwa pumzi moja, kisha anamalizia, "Asema Bwana." Jumapili iliyotangulia alitukemea kwa sentensi ambayo haimo katika aya yoyote. Nilikuwa nimefuata kwa kidole.

Siku hiyo alikuwa nayo kwapani. "Mzee," nikasema, "hebu fungua pale pa Jumapili."

Akafungua. Nikamwonyesha mstari mweusi unaotenganisha aya na maelezo. "Hapa chini ni mtu anaeleza tu. Mtu kama yule wa kitabu cha mama."

Akagonga ukurasa kwa kidole. "Kijana, hii iko ndani ya Biblia."

"Hata anwani ya waliochapa iko ndani. Tuihubiri pia?"

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Chuo kimekuharibu," mzee akasema. "Mama, umenisikia." Akaenda zake.

Nilidhani mama atanishukuru. "Umemwaibisha mzee wa watu," akaniambia, "na darasa ni langu, si lako."

Wiki hiyo akanituma nimtafutie kava ya Biblia, ile nyeusi ya zipu. Kitabu kiliingia barabara. Sasa mzee akipita humsifu jinsi anavyolishika Neno, na wanawake wote hutazama chini.

Sijaweza kulimeza jambo hilo. Kwa nini anayesoma ndiye ajifiche? Juzi nilimuuliza mama, pale pale kituoni, kama haoni huu ni uongo.

Akafungua zipu. "Lori limefika?"

"Bado."

"Basi nyamaza, tumalize sura."