Kishindo cha Fuko

Antoinette hutembea juu ya ukoka taratibu, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Asubuhi nyingi utamkuta juu ya kilima cha Gihundwe, kwenye mteremko uliowahi kubeba nyumba, akiangalia marundo mapya ya udongo. Ni kazi ya fuko, wanyama wa chini ya ardhi walao mizizi, kila mmoja peke yake katika shimo lake. Sandrine, mwanafunzi wa chuo, humlipa ili amwambie fuko wamehamia wapi na majani gani yameota nyuma yao. Kwanza hubaki udongo mtupu. Kisha huja kishonanguo. Ukoka hurudi mwisho.

"Maman Antoinette, nani alikufundisha hivi vyote?" Sandrine alimwuliza siku moja.

"Shida," alijibu, akacheka kidogo.

Mteremko huu uliporomoka msimu mmoja wa mvua, ukaizoa nyumba yake na mumewe Ciza ndani. Majirani walichimba kutwa. Jioni Antoinette alilala kifudifudi kwenye matope, akasikia kishindo chini: to-to-to. Akapiga ardhi kwa mpini wa jembe. To-to-to, akajibiwa. Akaitwa Mzee Balagizi, mtega fuko ambaye hakuna aliyembishia kwa mambo ya chini ya ardhi. Akatega sikio.

"Maman, ule ni fuko. Anagongaka kichwa ku ukuta wa shimo yake. Bandugu, muache. Tutoke."

Wakatoka. Usiku ule mteremko ulishuka tena, ukageuza sura yake yote. Ciza hakupatikana, na Antoinette hakupajua tena mahali alipokisikia kishindo kile.

Tangu hapo anatafuta kitu kimoja: fuko anayejibu. Akimpata, basi yule wa siku ile alikuwa fuko, naye atapata usingizi. Humsikia mmoja akigonga, naye hugonga kwa mpini wa jembe. Papo hapo chini hunyamaza. Wa kwenye kishonanguo hunyamaza. Wa chini ya migomba hunyamaza.

Juzi Balagizi alipita na mitego yake begani.

"Ungali unasikiliza tu, Maman? Batu banakucheka."

"Bacheke. Papa Balagizi, tangu uanze kutega, fuko alishakujibu hata moja?"

Mzee aliitua mitego. Akayatazama majani.

"Fuko anaogopaka muntu. Ukigonga, anakimbia."

"Na siku ile?"

"Siku ile batu kumi na mbili balikuwa banachimba ndani ya matope, binti yangu. Na mulima ulikuwa unashuka. Niliusikia, na Ciza pia nilimusikia."

Antoinette hakulia.

"Nionyeshe mahali pale," alisema.

Mzee aliutazama mwamba wa juu, kisha mti wa parachichi ng'ambo ya bonde. Hakusitasita hata kidogo. Alivuka ukoka moja kwa moja, kama anayekwenda mahali anapopaendea kila siku, akasimama, akavua kofia.

Antoinette akainua jembe, akaanza kuchimba pale.