Kichwa cha Gia cha Gari Jekundu

Asubuhi ile Nyatichi alikula kiazi kitamu akiwa amesimama, kama kawaida yake. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na kuku walikuwa uani wakifukua matope. Mumewe, Oyaro, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama akikaza leso kiunoni.

"Baba Mellen, njoo unishikie mlango," Nyatichi alimwambia. "Kuingia gari hili ni kama kuingia kwenye karai."

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, la mbio, limelala chini hata paka hapiti chini yake. Lilikuwa la Byron, kijana wa Migori mjini ambaye babake hununua dhahabu kwa wachimbaji. Byron alikuwa amenunua kichwa kipya cha gia, kile anachoshika dereva, akakifunga mwenyewe. Alikaza mpaka kikagoma, na kilipogoma, namba zilizochorwa juu yake zilikuwa zimelala upande wa dereva kama kofia ya mlevi.

Siku alipolileta Uriri, nyumbani kwa Nyatichi, mama huyo alimcheka. "Wewe! Hata gia imeacha kuangalia barabara, inakuangalia wewe."

"Mama, nitengenezee tu. Wasee wa mtaani wananicheka. Na uniwekee na ngozi mpya hapo chini."

Kazi ya kushona Nyatichi alikuwa ameianzia kwenye magunia ya tumbaku, akiwa bado msichana. Kutoka magunia alienda kwa sare za shule. Kisha siku moja lori lilisimama mbele ya nyumba, dereva akiwa amekalia sponji tupu, akamwomba amshonee kiti palepale. Tangu siku ile viti vya magari vikawa vyake. Sindano nene, ngozi, uzi uliopakwa nta. Mwanzoni wanaume walisimama kando ya banda la mabati wakingoja akosee. Walichoka kungoja, wakaanza kuleta magari yao.

Vitu vidogo hakuviweka mezani. Skrubu, sindano, sarafu ya sadaka ya Sabato, vyote alivifunga kwenye pindo la leso na kukaza fundo kwa meno. "Mezani vitu vina miguu," alikuwa akisema.

Asubuhi ile alishona ngozi ya gia, akaivuta juu, akaifunga shingoni mwa kile kichwa. Alisema neno moja juu ya gari. Oyaro aliitikia, "Mm." Kabla ya adhuhuri Nyatichi alisema dunia inazunguka, akaketi juu ya magunia. Hakuinuka tena.

Walimzika nyuma ya nyumba. Byron alikuja, akashika jeneza pamoja na wengine, hakuuliza habari ya gari. Matanga yalipokwisha, nguo za marehemu ziligawanywa. Mdogo wake, Nyasuguta, anayeuza mitumba Rodi Kopany, alichukua leso.

Watu wakaenda kwao. Nyumba ikanyamaza. Oyaro hakuweza kukaa ndani, wala bandani hakuweza. Akaona mlango wa gari uko wazi, akaingia akakaa kiti cha abiria. Mle ndani bado kulikuwa na harufu ya gundi na ya mafuta aliyojipaka Nyatichi mikononi. Kichwa cha gia kilikuwa kimeinama upande wa dereva. Oyaro alikishika akakizungusha kidogo, kikanyooka bila shida. Akatoka akafunga mlango.

Kesho yake kilikuwa kimeinama tena.

Oyaro alitazama kiti cha dereva. Hakukuwa na mtu. Alitazama matope nje ya mlango: nyayo zake tu, na za kuku. Akakinyoosha. Asubuhi iliyofuata kilikuwa kimegeuka kulekule, kama vile mtu ameketi pale usiku kucha, mkono juu yake, akikivuta kwake.

Sabato ilipofika, baada ya ibada, alimvuta kando Bichage, mzee wa kanisa.

"Aliyelala anaweza kushika kitu?"

"Ndugu Oyaro, aliyelala amelala. Anangoja parapanda. Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

Lakini tangu hapo alianza kubeba chai yake mpaka garini. Baadaye akabeba vikombe viwili. Kila asubuhi alifungua mlango, akaona kichwa kimeinama, na moyo ukamruka kwa hofu, kisha ukatulia. "Umeamkaje?" alikuwa akisema. Kisha alikinyoosha, ili kesho apate tena kukuta kimeguswa.

Byron alikuja mwishowe, na kofia mkononi.

"Mzee, pole tena. Nimekuja kuangalia tu." Akaingia, akakinyoosha kile kichwa, kikamchezea mkononi. Akaikunja ngozi, akachungulia chini. "Ee! Hapa kulikuwa na nati nyembamba, ilikuja na kichwa; kazi yake nimeijua baadaye. Unakaza kichwa, unakiweka sawa, halafu unapandisha nati inakibana. Sasa haiko. Ukikinyoosha, hii ngozi inajisokota, na vile ni mpya bado ni ngumu, polepole inakivuta kinarudi."

"Kumbe hakuna mtu," Oyaro alisema.

"Mtu gani?"

"Hakuna."

Walitafuta bandani, chini ya cherehani, ndani ya mikebe. Na pale Oyaro alipokuwa amepiga magoti, akaliona fundo akilini: pindo la leso, meno ya Nyatichi yakilikaza, leso ikipita mikononi mwa Nyasuguta. Alijua nati iko wapi kama anavyojua jina lake.

Akaendelea kutafuta.

"Nati ya saizi hii Migori yote siipati," Byron alisema. "Lakini hakuna haraka, mzee. Ikionekana, nipigie."

Alipoondoka, Oyaro alirudi garini. Sawa, ni ngozi. Lakini ngozi ile aliishona nani? Aliyevuta ule uzi ni nani? Nati ikirudi, kichwa kitabanwa, na asubuhi hakitageuka tena. Akaamua kutosema.

Mambo hayakumngoja. Siku baada ya siku, kichwa kilirudi kidogo kuliko jana. Kwanza nusu, halafu upana wa kidole, halafu kiasi cha kumfanya ainame ndipo aone. Ngozi ilikuwa inalegea. Hata asubuhi moja alifungua mlango akakikuta kimenyooka vilevile alivyokiacha. Alikaa pale mpaka chai ya vikombe vyote viwili ikapoa. Kisha akampigia Byron.

"Nati iko Rodi. Njoo twende."

Walipita Awendo, wakapita Rongo. Kila Byron alipobadilisha gia, kichwa kilizunguka kiganjani mwake, na kila tuta lililamba tumbo la gari.

"Mzee, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

Oyaro aliangalia miwa nje.

Nyasuguta aliwaona tangu mbali akaacha mitumba yake. "Shemeji! Umekuja na mdudu gani huyu? Umeanza ujana sasa?" Kisha akauona uso wa Oyaro, akaacha kucheka. Leso ilikuwa kiunoni mwake. Fundo lilikuwa bado kwenye pindo.

"Hukulifungua," Oyaro alisema.

"Nilidhani ni sadaka yake. Hata nikifua, nafua hivyohivyo. Fundo amefunga yeye, mimi nifungue kwa mkono gani?"

Alivua leso akampa. Maji ya kufua yalikuwa yamelikaza fundo likawa kama jiwe. Oyaro alijaribu kwa kucha, likakataa. Akaliweka mdomoni, akaling'ata pale alipong'ata mkewe, akalivuta taratibu. Nati ilianguka kiganjani, nyembamba, na kutu kidogo ukingoni. Byron alinyoosha mkono kuipokea. Oyaro aliishika kwa muda, ndipo akampa.

Haikuchukua muda. Byron alikifungua kichwa, akatia nati, akarudisha kichwa, akakisimamisha namba zikaangalia mbele, akapandisha nati kwa spana mpaka ikabana. "Jaribu, mzee." Oyaro aliingiza mkono dirishani, akashika, akazungusha. Hakikusogea. Akajaribu kukivuta upande wa dereva. Hakikusogea.

"Iko fiti," Byron alisema kwa sauti ndogo. "Ingia nikurudishe nyumbani."

"Nenda tu. Mimi nitakaa kidogo na shemeji."

Gari jekundu liliingia barabara ya kurudi Rongo. Walilisikia likibadilisha gia, mara moja, mara ya pili, kisha hawakulisikia tena. Walipoketi, Nyasuguta aliikunja leso akamwekea magotini.

"Chukua, shemeji. Ni yako."

"Jifunge," Oyaro alisema, akamrudishia. "Ni yako."

Pindo lilikuwa limebaki na mikunjo, mahali fundo lilipokuwa. Oyaro aliitazama ile mikunjo. Sasa aliweza kulikumbuka lile neno la asubuhi, alilolijibu kwa "Mm" tu. Nyatichi alikuwa ameinama juu ya gia, uzi mdomoni, bila kuinua macho:

"Baba Mellen, nikimaliza hii umpigie kijana aje achukue gari yake. Kitu cha wenyewe tusilale nacho."