Mshipa Ulioubana Utumbo Wangu

Miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika, niliuza magauni Sengerema. Nilikuwa na mwili wangu. Kisha homa ya matumbo ikaniangusha. Homa iliisha, lakini chakula kikagoma kukaa tumboni. Nikinywa uji kidogo tu, tumbo linavimba, linauma, natapika maji ya kijani. Nikabaki mifupa.

Wakati huo ukikonda, watu wamekwisha kukupa jina la ugonjwa. Nilipima damu, sikuwa na virusi vya UKIMWI. Nani aliamini? Wateja walinikimbia. Mama mkwe akaja chumbani.

"Mwanangu, rudi kwenu ukapumzike."

"Nikapumzike au nikafie huko, mama?"

Akageukia mlango.

"Basi sifi. Naenda Mwanza."

Mume wangu alinishika mkono hadi Busisi. Kwenye kivuko, mwanamke aliyekaa karibu yangu akainuka, akaenda kusimama mbali. Nilimkazia macho mpaka tukafika ng'ambo.

Hospitalini nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, nikaambiwa niende nyumbani. Nikakataa kushuka kitandani. Ndipo akaitwa daktari wa upasuaji, mama wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia huku akinipapasa tumbo.

"Ukilala vipi unapata nafuu?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. "Kifudifudi, magoti nimeyakunja."

Akaagiza eksrei. Nilinyweshwa dawa nyeupe, nzito kama chokaa. Kwenye picha ilionekana ikishuka kutoka tumboni, halafu imekatika ghafla, kama imepigiwa mstari.

"Mshipa unaopeleka damu kwenye utumbo umeubana utumbo wenyewe," alinieleza, "kati yake na mshipa mkubwa wa mgongoni. Katikati huwa kuna mafuta. Ulipokonda yakaisha. Ugonjwa huu ni nadra sana. Mimi nilikuwa nimeusoma tu vitabuni."

"Sasa umeuona. Nitibu."

Alicheka. Kwanza walinilisha kwa mpira uliopita puani, nikilalia ubavu wa kushoto. Haikutosha. Wakanipasua, wakaunganisha utumbo wa juu ya pale palipobanwa na ule wa chini yake, chakula kikapata njia nyingine.

Nilirudi Sengerema bado mwembamba, lakini nakula. Siku hiyohiyo nikasonga ugali, nikapika sato, nikatenga sahani moja ya sisi wawili.

"Karibu tule, mama."

Mama mkwe aliitazama ile sahani, akanitazama mimi. Sikusogea, wala sikuleta sahani ya pili. Mwishowe akanawa mikono.