Kazi ya Kabula Niliyoiandika Upya

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyonyang'anywa spana mbele ya akina mama wa kijiji kizima, nami kijana wa miaka thelathini na mbili niliyejiona nimeshafika.

Umeniandikia kwamba programu yako huria inakufa. Mlianza tisa, sasa umebaki na mwenzako mmoja, naye hajibu ujumbe. Unaniuliza uandike tangazo gani ili watu warudi. Tangazo si dawa. Keti nikusimulie, na usinikatishe, maana ninyi watoto wa mjini Kalangalala mna haraka hata ya kusikiliza.

Nilikuwa nimeanzisha programu ya visima. Pampu ya mkono ikiharibika kijijini, mtu wa kamati ya maji anatuma ujumbe kwa simu yake ya kitochi, na fundi aliye karibu anaupata na kujua abebe kifaa gani. Niliiweka wazi mtandaoni, kila mtu aisome, aitumie na airekebishe bure. Tulikuwa saba, wengine wa Geita, wengine wa Shinyanga. Jumamosi tulikutana, tunafanya kazi huku tunatafuna karanga. Kabula ndiye aliyekuwa mdogo wetu. Alikuwa na duka la kutoa kopi, na kuandika programu alijifunza mwenyewe, katikati ya wateja.

Baada ya miaka miwili nilibaki peke yangu. Mmoja alikwenda kwenye maduara, mashimo ya wachimba dhahabu, kujaribu bahati, wengine walinyamaza tu. Kabula naye alinyamaza. Mimi nikawa mtu wa kulalamika: watu hawapendi kujitolea, watu hawana msimamo. Kisha kampuni ya simu ikabadilisha njia ya kupokelea ujumbe, na vijiji vitatu vya Msalala vikawa vinatuma ujumbe usiofika popote. Pampu zilikaa wiki kadhaa zimekufa. Akina mama wakarudi kuchota kwenye malambo pamoja na ng'ombe. Peke yangu sikuiweza kazi ile. Nikaamua kuifunga.

Nilikwenda kumuaga Mzee Shija, fundi wa pampu, kwa kuwa programu ile niliitengeneza kwa maelezo yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Beba hilo sanduku la spana, twende."

Tulikwenda kijiji kimoja upande wa Bugarama. Alifungua pampu, akabadilisha mpira uliokwisha, halafu spana akampa Mama Holo wa kamati ya maji akaze nati. Mama yule alikaza taratibu, ulimi nje, wenzake wanamcheka naye anacheka. Alipomaliza niliona nati moja haijakaa sawa. Nikachukua spana, nikakaza upya zote, chapchap. Nilidhani nitashukuriwa. Kicheko kilikatika. Mama Holo alijifuta mikono kwenye kanga yake, akarudi nyuma kwenye ndoo yake.

Mzee Shija aliichukua spana mkononi mwangu.

"Ng'wana wane, mwanangu, huyu mama nimemfundisha miezi mitatu. Kesho ikilegea, unadhani ataigusa tena?"

"Lakini hakuikaza vizuri, baba."

"Ungemwambia, angekaza yeye. Wewe unaishi Geita."

Basi. Alilegeza nati zote, akamwita Mama Holo, akamwonyesha upande ulioinama. Mimi nikaambiwa nisimame pembeni, mikono mfukoni.

Nilirudi nimenuna. Nikafungua kompyuta ili nijithibitishie jinsi nilivyobeba mzigo peke yangu. Unajua kazi hizi zinatunza kumbukumbu ya kila mstari, nani kaandika na siku gani. Jina langu lilikuwa kila mahali, nikafurahi kweli. Nikarudi nyuma zaidi kwenye kumbukumbu zile, na furaha ikaniisha. Kabula alileta sehemu ya kusoma ujumbe wa watu wanaochanganya Kiswahili na Kisukuma. Ilimchukua mwezi mzima. Siku aliyoileta, siku hiyo hiyo, nilikuwa nimeiandika yote upya, fupi na nzuri, nikaweka maelezo ya neno moja: nimesafisha. Sikumwambia kitu. Na wale wengine niliwafanyia vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kuficha uso ingawa nilikuwa peke yangu chumbani.

Kesho yake nilikwenda dukani kwake. Nilimwambia, "Kabula, nilikukosea. Kazi yako ilikuwa nzuri, nami niliifuta."

Aliendelea kupanga karatasi zake. "Mimi nilijua sina akili ya mambo yale, kaka Masanja. Ile kompyuta niliiuza, nikanunua mashine ya kulamineti vyeti."

Hilo linaniuma mpaka leo.

Sikumwomba arudi. Nilirudisha sehemu yake kama alivyoiandika, na jina lake, kisha nikampelekea kompyuta yangu ya zamani. Kazi yake ilikuwa na kasoro moja: kila fundi alipata ujumbe mara mbili. Mafundi walinipigia, wengine kwa matusi. Mstari wenye kosa niliujua, na vidole vilikuwa vinaniwasha. Nilimwandikia tu aangalie pale namba zinapohifadhiwa. Alichukua siku tisa kulirekebisha. Tisa! Ya kumi aliniuliza, "Na vile vijiji vya Msalala, tunavifanyaje?" Hapo nilitoka nje nikalia kidogo, nisikudanganye. Vilirudi hewani kwa kazi yake na ya dada wawili aliowafundisha pale pale dukani. Wale wa zamani niliwafuata majumbani, mmoja mmoja. Wawili walirudi. Wengine walinikaribisha chai, tukaagana.

Kwa hiyo usianze na tangazo. Fungua kumbukumbu za programu yako, uangalie ni kazi ya nani uliyoifuta kwa mikono yako. Nenda kwao, uwaombe radhi, na usiende na ombi jingine. Atakayeleta kazi yenye kasoro, mwonyeshe kasoro, kisha umsubiri. Kusubiri ndiko kugumu, lakini ndiko kutakakokupa wenzako.

Siku hizi Kabula ndiye kiongozi wa programu ile. Mwezi uliopita nilimpelekea marekebisho yangu madogo, nikiwa na uhakika kabisa. Yalirudi na ujumbe: "Shikamoo kaka. Mstari wa saba bado. Rekebisha mwenyewe, nakusubiri." Ilinichukua siku mbili, na sijawahi kufurahi hivyo tangu nianze kazi hii. Mungu akujalie, mwanangu, watu watakaokurudishia kazi yako, na akuweke uwaone wakikuzidi.