Kuvu ya mizizi iliyobakiza zinia zangu Kavimvira wakati wa vita

Wakuu, poleni na majukumu. Niko Uvira, na haya yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa.

Naotesha maua ya msimu Kavimvira, jirani na mpaka wa Burundi. Zinia hasa. Wateja wangu ni makanisa na wenye harusi.

Udongo wetu ni mchanga tu. Unamwagilia asubuhi, mchana maua yameinama.

Dada yangu Furaha, ambaye ni agronome, mtaalamu wa kilimo, akaniletea unga wa kuvu ya mizizi. Alisema inashikana na mizizi na kuisaidia kufuata maji mbali.

"Usimwage juu, weye. Weka mu shimo, iguse mizizi. Na angrais, ile mbolea ya duka, usizidishe, ile kuvu haitafanya kazi."

Nilicheka. Miaka yote napigana na kuvu, leo niipande? Nikaweka kwenye tuta moja tu, la pili nikaliacha.

Maua yalipoanza tu kufunguka, mabomu yakasikika upande wa Kamanyola, kule bondeni kaskazini yetu. Watu wa bondeni wakawa wanapita na magodoro kichwani.

Sikutulia tena. Pikipiki ikipita, natoka nje. Mwisho nikavuka Burundi na watoto. Mume wangu alibaki kulinda nyumba, na simu yake ikawa haipatikani.

Kule nilishindwa kukaa. Kila kukicha niko mpakani, nauliza waliovuka, hadi mpaka ukafungwa. (Na maua nayo nilikuwa nayawaza, msinicheke.)

Mpaka ulipofunguliwa, nilikwenda mbio. Mume nilimkuta hai, amekonda. Kwa risasi zile hakuthubutu kutoka kumwagilia, na mvua haikunyesha.

Tuta lisilo na kuvu lilikuwa vijiti vitupu. Lile lingine majani yalikuwa yamejikunja, lakini zinia nyekundu zimesimama.

Hata viatu sijavua, jirani yetu Mama Neema akaja mlangoni.

"Minye nazika mutoto leo. Sikupata hata ua moja. Weye uko nayo?"

Nikachukua kisu.

"Hata ya kuacha kwa mbegu?" mume wangu akauliza polepole.

"Hata ya mbegu."

Nilikata yote. Mama Neema aliyakumbatia kifuani, akaondoka.

Nilichojifunza: kuvu si dawa ya kila kitu, ila ikigusa mizizi mapema, mmea unavumilia kiu. Na ukivuna, kata, using'oe. Kuvu inabaki kwenye mizizi ile.

Sasa milio imeanza tena kule bondeni, na miche mipya, ya mbegu za kununua, nimeshaiweka ardhini. Aliyewahi kuacha bustani yake akakimbia, alifanyaje? Nijibuni, wakuu, nasoma.